Tusihesabu Biti, Tuhesabu Desibeli

Vijana wengi wanaponunua simu au vipokea sauti vya masikioni huulizia tarakimu moja: biti 24. Matangazo huwaaminisha kuwa muziki wa biti 16, kiwango cha santuri za CD zilizoingia sokoni mwaka 1982, una upungufu ambao sikio huutambua. Maoni yangu ni kwamba tarakimu hiyo haistahili fedha zao, na kwamba ipo nyingine wanayoipuuza kwa hasara kubwa.

Sauti inapohifadhiwa katika CD, wimbi lake hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo husogezwa kwenye ngazi iliyo karibu nacho. Biti 16 hutoa ngazi 65,536. Biti 24 hutoa zaidi ya milioni 16. Makosa ya kusogeza huko huzaa mvumo hafifu, ambao katika biti 16 uko takriban desibeli 96 chini ya sauti kubwa kabisa inayoweza kuhifadhiwa.

Chumba kitulivu nyumbani huwa na kelele za desibeli 30 hivi. Ili mvumo ule ulingane na kelele hizo, vilele vya muziki vingelazimika kufika desibeli 126, kiwango kinachoumiza na kuweza kulijeruhi sikio papo hapo. Mwaka 2007, watafiti Meyer na Moran wa Marekani walichapisha majaribio 554 ya kuwataka wasikilizaji watofautishe sauti ya usahihi mkubwa na ile iliyoshushwa hadi kiwango cha CD. Majibu sahihi yalikuwa asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu. Tofauti ilisikika pale tu sauti ilipoongezwa kupita kiasi.

Siibezi biti 24. Fundi wa studio anaihitaji, kwa kuwa hurekodi bila kujua mwimbaji atapaza sauti kiasi gani, kisha huchanganya na kukokotoa sauti nyingi. Msikilizaji hana kazi hiyo.

Tarakimu ya msikilizaji ni desibeli, pamoja na saa. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidishe saa 40 kwa wiki katika desibeli 80. Katika desibeli 90 ni saa 4 tu, kwani kila nyongeza ya desibeli 10 huzidisha nishati ya sauti mara kumi. Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, na hapo hata muziki wa biti 24 hautafaa kitu.

Basi, ndugu msomaji, ukifika dukani uliza kama kifaa kinaweza kuwekewa kikomo cha sauti. Na ukiona masikio yanavuma kila uvuapo vipokea sauti, punguza sauti na uende ukapimwe, kabla mvumo huo haujawa wa kudumu.