Ukila chai ya ajenti, biashara yako ya kukagua nyumba imeisha

Umewahi kuingia nyumba inayonukia rangi mpya ukadhani umebahatika? Mimi nimewahi. Ilikuwa bedsita kule Zimmerman, ghorofa ya tatu, Januari, jua la kuchoma. Keateka alinifungulia mlango akitabasamu, nikapiga picha mbili za dirisha, nikatuma kodi na diposti kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Nilijiona mjanja kweli.

Mvua ya Aprili ilipofika, ukuta wa nyuma ya kitanda ukaanza kutoa madoa meusi. Kumbe ile rangi ilikuwa vipodozi tu! Tokeni za mia tano nazo zilikuwa zinaisha kwa siku tano, na mimi sina friji wala pasi. Fundi alipokuja kuangalia, akakuta taa za ngazi za jengo zima zimeunganishwa kwa mita yangu. Nilipodai diposti nihame, landilodi aliniuliza kama sikuwa na macho siku ile naingia.

Swali hilo liliniuma, lakini ndilo lililonipa kazi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, kwa hivyo sina cheti cha kumwonyesha mtu. Rafiki yangu anacho, cha ujenzi, kutoka chuo cha kiufundi. Tukaketi tukakubaliana: mji huu umejaa watu wenye macho ila hawajui pa kuyaelekeza. Tuwakagulie nyumba kabla hawajalipa, nao watupe kitu kidogo.

Ninakuandikia wewe unayefikiria biashara kama hii, kwa sababu tulikosea sana kwenye kuitangaza, na sitaki upotezee pesa pale pale.

Kosa la kwanza lilikuwa kujipamba. Tulitengeneza nembo, tukachapisha fulana mbili, tukalipia tangazo mtandaoni. Wiki tatu tulipigiwa simu na watu wawili: shangazi yangu aliyetaka kutupongeza, na jamaa aliyetafuta fundi wa kuzibua sinki. Tatizo halikuwa nembo. Watu hawakujua tunauza nini. Ukimwambia Mkenya “ukaguzi wa nyumba”, anawaza kanjo wamekuja kudai leseni.

Kilichotuokoa ni kutoa bure kile tulichokuwa tunakificha. Tulirekodi video fupi kwa simu, kila moja na jambo moja tu. Fungua mifereji yote kwa pamoja, kisha uvute choo, uone kama maji yana nguvu. Zima kila kitu ndani ya nyumba, kisha utazame mita ya stima. Ikiendelea kuhesabu, kuna mtu unayemlipia. Ukiona rangi mpya sehemu ya chini ya ukuta peke yake, uliza inaficha nini. Rafiki yangu aliogopa kwamba tukifundisha watu, nani atatuita? Kumbe ni kinyume. Mtu akishajua mambo kumi ya kuangalia, ndipo anatambua hana muda wa kutoka kazini Upper Hill mchana aende kuyaangalia Kitengela.

Jambo la pili ni wakati. Nairobi watu huhama wikendi ya mwisho wa mwezi. Sisi tulikuwa tunatangaza wikendi hiyo hiyo, tena tukabandika vikaratasi kwenye pikapu za kuhamisha mizigo. Fikiria vizuri: mtu akishaita pikapu, pesa zimeshalipwa, godoro liko njiani. Utamkagulia nini? Siku hizi tunapiga kelele kuanzia tarehe 15, wakati watu wanaanza kuzunguka Roysambu, Ruaka na Rongai wakisoma vibao vya “nyumba iko”. Usiwasahau pia walio mbali. Kuna Mkenya yuko Qatar au Marekani anayetumia ndugu yake pesa za kumtafutia nyumba. Huyo anahitaji macho ya mtu asiyekula pamoja na huyo ndugu.

Najua utaniambia, “Bro, watu hawana pesa za kodi, watalipia ukaguzi?” Nami nakuuliza, nani Kenya hununua gari la mkono wa pili bila kwenda na fundi wake? Hata magari ya mtumba kutoka Japani hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Watu hulipa wakiona hasara wanayokwepa. Kwa hivyo usimtajie mteja bei yako peke yake. Mtajie bei yako kando ya diposti yake. Sisi bedsita tunaikagua kwa shilingi elfu moja, na mwenye diposti ya elfu nane huelewa hesabu hiyo bila darasa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Mwezi wa tatu wa biashara, ajenti mmoja alituita chai. Alikuwa ameona video zetu. Alisema ana nyumba nyingi, na kila mteja wetu atakayelipia nyumba yake, sisi tutapata elfu mbili. “Mnakagua kama kawaida,” alisema, “ila msiwe wakali.” Wakati huo nilikuwa na deni la kodi la mwezi mmoja. Nyumba kumi kwa mwezi ni elfu ishirini. Rafiki yangu alitaka tukubali, na nisijifanye mtakatifu, mimi pia nilitaka. Tulibishana hadi saa saba usiku.

Tulikataa kwa sababu ya hesabu rahisi. Mteja ananipa elfu moja, ajenti ananipa elfu mbili. Mimi ni wa nani? Siku mteja atakapojua, na mji huu una midomo, hakuna tangazo litakaloniosha. Katika biashara nyingine unaweza kuuza bidhaa mbovu leo ukalete nzuri kesho. Sisi bidhaa yetu ni neno letu tu.

Na neno hilo liwe na mipaka. Usiandike popote “nyumba salama asilimia mia”. Mimi natazama mifereji, ukuta, kufuli, mita na ngazi. Nikiona nyaya zinazotisha, namwambia mteja amwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Nikiona ufa mpana kwenye nguzo, naondoka na kumwambia atafute mhandisi aliyesajiliwa. Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma usiku wa mvua, zaidi ya watu 45 wakafariki. Mamlaka zilikuwa zimeshasema halifai kukaliwa, na bado familia zilikuwa ndani zikilipa kodi. Ukidanganya mtu kuhusu jengo ili upate wafuasi, ujue unacheza na nini.

Vilevile, usimwanike landilodi mtandaoni kwa jina wala kurusha picha za nyumba ya mteja bila ruhusa. Utapata likes wiki moja, kisha barua ya wakili. Onyesha ufa bila kuonyesha mlango. Funzo litafika tu.

Wiki chache baada ya kumkatalia yule ajenti, dada mmoja alituita tumkagulie nyumba ya chumba kimoja Kahawa West. Alikuwa ameipenda, hata pazia alikuwa ameshanunua. Tuligundua maji machafu ya choo cha juu yanapenyeza kwenye dari ya jikoni. Tukamwambia asilipe. Alikasirika, na siku hiyo alitulipa kama mtu anayelipa faini. Baada ya siku kumi alinitumia namba za watu wanne kazini kwake wanaotafuta nyumba, na ujumbe mmoja: “Waambie kama mlivyoniambia.”

Fulana zetu zimeshapauka na hatujachapisha nyingine. Deni la kodi lilichukua miezi miwili zaidi kuisha kuliko kama ningekunywa ile chai. Lakini likaisha. Kwa hivyo, msee, kabla hujatafuta mtu wa kukuchorea nembo, jiulize: ajenti akikuita kesho, na mfukoni huna kitu, utamjibu nini?