Pesa za Nyumba Zinajua Njia ya Hoteli, Njia ya Huruma Hazijui

Leo nataka tugombane kuhusu pesa. Zile zinazoombwa kwa jina la mtu anayelala nje, zinapitishwa kwa jina lake, zinaandikiwa ripoti kwa jina lake, halafu yeye mwenyewe anaendelea kulala pale pale Muthurwa juu ya katoni.

Ziko pesa za aina mbili. Za kwanza ni zetu. Kila mwenye pesilipu anakatwa asilimia 1.5, mwajiri anaongeza 1.5 nyingine. Makato yalikuja na Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikasema Novemba mwaka huo kwamba yanakiuka katiba, bunge likaenda likarudi na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ikatiwa sahihi Machi 2024. Hiyo vita mnaijua, sitairudia. Za pili ni za wafadhili: balozi, benki kubwa za dunia, mashirika yenye nembo ya mikono miwili imeshikana. Hizi mbili hazifanani hata kidogo, lakini zina tabia moja. Zikifika Nairobi zinamtafuta mtu mwenye suti.

Za serikali zinaenda kwa mwenye kandarasi. Za wafadhili zinaenda hotelini.

Mimi hulipwa kupiga video. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma, na kamera ndiyo inanilipia keja. Kwa hiyo hizi sherehe za kuzindua miradi nimezisimamia sana, nikiwa nyuma kabisa na betri mbili mfukoni. Kuna moja ilikuwa ya mradi wa makao kwa vijana wa mtaani. Hema, viti vyenye vitambaa, fulana mia na kitu, maji ya chupa yenye nembo, chakula cha mchana, nauli ya washiriki, posho ya mgeni wa heshima. Vijana wenyewe waliletwa kama kumi hivi kuimba. Walivaa fulana, wakaimba vizuri sana bana, wakala, jioni wakarudishwa Ngara. Nilipewa maagizo nipige picha zao karibu, "zenye hisia".

Sitataja shirika. Sina shida na hilo moja, shida yangu ni kwamba ningeweza kuwa naelezea mengine ishirini.

Hebu angalia masharti ya kuomba ruzuku kama hiyo. Uwe na cheti cha usajili. Uwe na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Uwe na akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, sera ya jinsia, sera ya ulinzi wa watoto, mpango mkakati, na mchango wako mwenyewe wa fedha. Andiko liwe la kurasa thelathini, kwa Kiingereza, liingizwe kwenye tovuti kabla ya saa sita usiku. Sasa niambie ni chama gani cha akina mama wa Mlango Kubwa kinachopita hapo. Hakuna. Wanapita watu wa Kilimani wenye ofisi na mwandishi wa maandiko. Wakishapata pesa ndipo wanashuka Mlango Kubwa kutafuta hao akina mama, wawaite "jamii lengwa", wawape soda.

Masharti yanawekwa ili pesa zisiibiwe, najua. Mtu mwenye nia njema kabisa aliyaandika. Lakini mlango ukiwa na kufuli saba, anayeingia ni mwenye pesa za kutengeneza funguo saba.

Na ati watu wa chini hawawezi kusimamia pesa za nyumba? Nenda Huruma. Hapo Huruma kuna kijiji kinaitwa Kambi Moto, jina lenyewe linakuambia walikuwa wakiungua mara ngapi. Ardhi ilikuwa ya baraza la jiji. Wakaazi, wakiwa na Muungano wa Wanavijiji na Pamoja Trust, walijihesabu wenyewe nyumba kwa nyumba, wakaweka akiba ya shilingi kidogo kidogo kila siku, na mwaka wa 2003 wakakubaliana na baraza waanze kujenga pale pale walipokuwa wakiishi. Jambo ambalo mimi hunishangaza mpaka leo ni hili: mwenye mabanda na mpangaji wake walikubali kupata kipande sawa. Kenya hii! Landilodi akakubali.

Vipande vilikuwa vidogo sana, kwa hiyo walijenga kwenda juu. Akiba Mashinani, mfuko wa Muungano, ukawakopesha. Wanawake walijifunza kufinyanga vibao vya saruji vya kuwekea sakafu ya juu. Mtu alianza na chumba cha chini, akahamia, akapandisha cha pili pesa ilipopatikana. Hakuna aliyehamishwa ngambo nyingine ya mji. Nyumba zile si za kalenda, ukipita utaona nyingine bado zina nondo zinachungulia juu. Lakini ziko, ni za mawe, na haziungui kama mabati na mbao.

Sasa linganisha na Kibera, Soweto Mashariki. Huko kulikuwa na mradi mkubwa wa serikali na shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, pesa na wataalamu na mikutano. Septemba 2009 watu wakahamishwa na malori hadi ghorofa za Lang'ata, wangoje kidogo wajengewe kwao. Kungoja kidogo huko kulifika 2016, ndipo nyumba 822 zikakabidhiwa. Katikati hapo wengine walishakodisha vyumba vya Lang'ata kwa watu wenye mshahara wakarudi kwenye mabati, kwa sababu bili ya maji na stima na nauli ya kufika kwenye kibarua ilikuwa inawamaliza. Watu wakawacheka, eti mtu wa ghetto ukimpa ghorofa anarudi ghetto. Hawakumpa kitu. Walimpa bili.

Sisemi ghorofa zisijengwe. Mukuru, Mei 2025, watu walikabidhiwa nyumba za kwanza 1,080, chumba kuanzia kama Sh3,900 kwa mwezi, na mtu aliyetoka kwenye kibanda cha choo cha kushiriki na watu hamsini akafungua mfereji wake mwenyewe. Huyo hawezi kusikiza porojo zangu, na ana haki. Lakini soma sheria yenyewe. Nyumba za daraja la chini kabisa ni za anayepata chini ya Sh20,000 kwa mwezi, na sheria ilipopitishwa ilitaka malipo ya awali ya asilimia 10. Hata wakiyapunguza, mtu anayeuza njugu hana pesilipu, ana siku nzuri na siku mbaya. Na yule wa katoni hayumo kabisa kwenye jedwali. Hakuna daraja la mtu anayepata sifuri.

Huyu wa sifuri ndiye hatumtaki kwenye hesabu. Serikali yenyewe iliwahesabu watu wa mtaani mwaka wa 2018 ikapata 46,639 nchi nzima, Nairobi peke yake 15,337. Mfuko wa kuwasaidia, ule wa familia za mtaani, uko tangu 2003. Mimi nina umri karibu sawa na huo mfuko. Hebu uliza mtu yeyote unayemjua kama amewahi kusikia jina lake.

Na hapa ndipo nawaona wafadhili na serikali wote wakikosea sehemu moja. Wanamngoja mtu afike barabarani ndipo waanze kumwokoa. Mtu hafiki barabarani kwa siku moja. Kwanza anachelewa kodi mwezi mmoja. Mwezi wa pili landilodi anapiga kufuli, au anang'oa mlango, na godoro linabaki ndani kama dhamana. Anaenda kwa dada yake. Shemeji ananuna. Anarudi, anapata kibanda cha bei ya chini karibu na mto. Mto unajaa, au tingatinga linakuja. Mtoto mkubwa anaona hakuna nafasi, anajaribu maisha mjini siku mbili, anazoea. Kila hatua hapo ilikuwa na bei, na ya kwanza ilikuwa elfu tatu, nne. Kodi ya mwezi mmoja.

Chama cha mtaa kingekuwa na mfuko wa kumlipia huyo mama mwezi mmoja, hadithi inaishia hatua ya kwanza. Lakini kodi ya mwezi mmoja haina picha. Huwezi kukata utepe mbele ya stakabadhi ya kodi. Mgeni wa heshima atazindua nini, M-Pesa?

Tumeona pia upande wa pili, pesa zikitolewa mbio mbio baada ya maafa. Novemba 2021 Mukuru kwa Njenga ilibomolewa, Amnesty wakakadiria walioachwa bila makao kuwa watu elfu 40, watu wakalala kwenye vifusi ili ardhi isichukuliwe. Mei 2024, baada ya mafuriko, Mathare na kandokando ya mito mingine wakabomolewa, rais akaahidi Sh10,000 kwa kila familia itafute pa kuhamia. Elfu kumi! Weka amana ya nyumba, kodi ya kwanza, mkokoteni wa kubeba vitu, unabaki na nini? Na zikitolewa hivyo, kwa orodha ya chifu, zinapotea njiani. Mukuru tayari kulikuwa na watu wenye orodha. Tangu 2017, walipotangaziwa mpango maalum, wakaazi walikaa vikao kwa vikundi vya nyumba kumi kumi, wakapanga barabara, maji na maji taka, kwa mtaa wa kaya kama laki moja. Wanajua nani anaishi wapi. Lakini serikali ikitaka orodha inaenda kwa chifu.

Najua jibu mnaloniandikia sasa hivi. "Wataila." Vikundi vya mtaani ni vya mfukoni, mwenyekiti ni mama, mweka hazina ni mtoto, katibu ni shemeji.

Viko, ndio. Kuna jamaa mtaani kwetu ana vyeti vya vikundi vitatu na mihuri mitatu kwenye bahasha moja. Lakini tusifanyane watoto. Ile Sh791 milioni ya NYS ya 2015 haikuliwa na chama cha kufinyanga vibao vya saruji. Ililiwa ikiwa na tenda, vocha, wakaguzi, mfumo wa kompyuta na watu wenye digrii. Pesa ya mtaani inayoibwa, mwizi anaishi ploti ya tatu, mtoto wake anasoma na wako, anajulikana hata mkebe wa unga aliobadilisha. Na kama mnaogopa, bandikeni daftari ukutani: fulani alilipiwa kodi, kiasi gani, alirudisha kiasi gani. Jina lake ndilo ataamua kama liandikwe. Wekeni hilo daftari na mimi nitalipiga picha bure, kila mwezi.

Tena njia ipo, hatuhitaji kubuni. Pesa za tabianchi zinashuka sasa hivi kupitia kaunti hadi kamati za wadi, chini ya ule mpango wa FLLoCA wa Hazina ya Kitaifa na Benki ya Dunia. Wanakijiji wanakaa, wanachagua bwawa au miche, kaunti inatekeleza. Wana matatizo yao, sikatai. Ila wadi ikiaminiwa kuchagua mahali pa bwawa, nani aliamua haiwezi kuaminiwa na paa?

Ninachodai ni kitu kidogo. Sehemu ya ushuru wa nyumba itengwe iwe ruzuku, narudia ruzuku, mkopo hapana, kwa vikundi vya mtaa: kodi ya mwezi wa kwanza wa shida, choo na bomba la maji taka, hatimiliki, kitanda cha usiku kwa mtu wa mtaani na miezi mitatu ya kodi akitoka hapo. Fomu iwe kurasa mbili, kwa Kiswahili. Kikundi kisicho na hesabu za kukaguliwa kianze na kiasi kidogo, kikionyesha daftari kiongezwe. Kuna wakati pesa za huo ushuru zimewekwa kwenye hati za hazina zinazaa riba, kwa hiyo msituambie hakuna. Na nyinyi wafadhili, punguzeni hoteli. Ukumbi wa kanisa unatosha, na chai ya mama wa kibanda ni tamu kuliko ile ya birika la chuma.

Kila mwaka kaunti lazima ipeleke makadirio ya bajeti kwenye bunge lake kabla ya Aprili 30, na kabla ya hapo lazima waite wananchi watoe maoni. Tangazo huwa dogo, gazetini, kona ya chini. Mwaka huu nitalitafuta, nitaliposti hapa na tarehe na ukumbi wa kila wadi ya Nairobi. Mje. Mkipewa maiki ulizeni swali moja tu: kwenye fungu la nyumba, shilingi ngapi zinaenda moja kwa moja kwa vikundi vya mtaa, na majina yao yamebandikwa wapi? Wakianza kusoma hotuba, ulizeni tena.