Sumu Kupotea Machoni Si Kuisha

Siku hizi twasikia kwamba bakteria na kuvu wanaweza kusafisha udongo ulioharibiwa na madawa ya kuua wadudu. Ni kweli, na ni habari ya kutia moyo. Hata hivyo, kabla ya kushangilia yafaa tuulize: kazi ya vijidudu hivyo imepimwa vipi?

Tuchukue mfano wa DDT, iliyopigwa marufuku katika kilimo humu nchini mwaka wa 1986. Dawa hii hukaa udongoni miaka mingi. Mtaalamu akipima udongo leo, kisha baada ya miezi sita akute DDT imepungua kwa nusu, wengi watasema bakteria wamefanya kazi. La hasha! Huenda nyingine imepaa hewani, na nyingine imenasa kwenye chembe za udongo hata maabara isiweze kuitoa. Ndiyo sababu lazima upimwe pia udongo wa aina hiyo hiyo uliopikwa hadi vijidudu vyote vikafa. Tofauti kati ya udongo huo na ule wenye uhai ndiyo kazi halisi ya bakteria.

Hata hapo safari haijaisha. Penye hewa, DDT hugeuzwa kuwa DDE. Pasipo hewa huwa DDD. DDE ni sugu ajabu, hukaa katika mafuta ya mwili na hupatikana hata katika maziwa ya mama. (Akina mama, msiache kunyonyesha kwa sababu hiyo; faida zake ni kubwa mno.) Anayepima DDT peke yake ni kama askari anayesema mwizi ametoweka, kumbe amebadilisha shati tu.

Ushahidi wa kweli upo. Maabarani, DDT hutiwa alama ya kaboni 14. Gesi ya kaboni dayoksaidi yenye alama hiyo ikitoka, basi kiasi hicho kimevunjwavunjwa kabisa.

Kwa hivyo, wakubwa wanaoidhinisha ardhi wasiridhike na ripoti yenye tarakimu moja. Wadai kujua ni kiasi gani kimepotea, kimegeuka nini, na udongo uliopikwa ulionyesha nini. Mahali palipokuwa stoo ya madawa pakijengwa nyumba, watakaoumia ni watoto wanaocheza mchangani na wanaokula mayai ya kuku wanaodonoa hapo.