Kijana asiye na kazi anahitaji pia mtu wa kumsikiliza

Mjini Goma au Bukavu, kijana aliyeacha masomo na asiye na kazi huitwa mvivu au mwizi. Liberia ilijaribu njia nyingine. Mjini Monrovia, kati ya wanaume 999, wengi wao wakijihusisha na wizi au dawa za kulevya, baadhi walipewa dola 200, wengine wiki 8 za tiba ya mazungumzo, wengine vyote viwili. Miaka 10 baadaye, waliopata vyote viwili ndio waliopunguza makosa zaidi, karibu nusu. Walioongoza mazungumzo hawakuwa madaktari: walitoka katika maisha hayohayo. Watu kama hao Kivu inao. Viongozi na mashirika wasigawe pesa na cherehani tu. Wawalipe pia watu hao wakae na vijana.