MMEANDIKWA?

Ndugu wafanya kazi,

Tumechoka kusikia mitaani mwetu, "Kura yafaa nini, na bomba halina maji?" Je, maji yaletwa na manung'uniko?

Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao mara ya kwanza, mtu alipimwa kwa masomo yake, mshahara wake na mali yake. Mwenye sifa nyingi alipewa kura mpaka tatu. Maskini asiye na sifa hata moja alibaki nje. Leo yatosha kitambulisho na miaka 18. Hata hivyo, mwaka 2021 Tume ilitaka kuandikisha watu wapya milioni 6, ikapata kama milioni 1.5 tu! Nani alifurahi? Ni yule mwenye magari makubwa, maana kura chache ni rahisi kununua. (Wako na wenzetu waliouza vitambulisho kwa bei ya unga. Aibu.)

Basi tusingoje fulana za bure. Kila mstari wa nyumba uchague watu wawili, mmoja awe mama, kwa kuwa akina mama ndio wajuao nani alala chumba gani. Wabishe hodi Jumapili jioni, hata kwa wale wa shifti ya usiku, na asiyeandikwa wamsindikize mpaka mlangoni pa afisi. Majina yaletwe kwa mwandishi wa tawi kabla ya siku ya mshahara.