TUSIZICHOME NYWELE ZETU

Ndugu wananchi wa Vudee, mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kupiga vita nywele za bandia na vimini. Sisi hatutaki kumkimbiza dada yeyote kwa sababu ya kichwa chake. Twasema hili tu: anayenyoosha nywele asiziunguze. Nywele zenye maji zikibanwa na pasi ya moto, maji huchemka ndani yake na kuzipasua. Basi zikaushwe kwanza, zipakwe dawa ya kukinga joto, moto usifike nyuzi 200, pasi ipite mara moja, kisha zipumzishwe majuma kadhaa. Unywele ulioungua hauponi, hukatwa. Mlima uchomwao kila mwaka hubaki mawe. Wapare twalijua hilo. Mali yetu tuitunze!