Keke ndogo kwa watoto wanaotengeneza mitumbwi na treni



Vakansi kubwa ikifika, parsela zetu zinageuka karakana. Mtoto mmoja anachonga mtumbwi wa mti mwepesi. Mwingine anakata kopo la maziwa apate gari. Wa tatu anaunganisha vibehewa vya treni kwa waya. Si ajabu: mtoto wa Kindu anaona mitumbwi ya Lualaba kila siku, na reli ya kwenda Kongolo imekuwa hapa kwa zaidi ya miaka mia moja. Anatengeneza kile anachokiona.

Kazi hiyo ni nzuri, tusiwakataze. Inafundisha kupima, kuvumilia na kumaliza. Shida iko kwenye matundu. Gurudumu linataka tundu, kasia linataka tundu, behewa linataka tundu la waya. Mtoto asiye na chombo cha kutobolea anachukua kilicho karibu: msumari uliopashwa kwenye makaa ya mama, au ncha ya kisu cha jikoni. Msumari wa moto unaunguza vidole. Kisu kinateleza na kuingia kiganjani. Na ubao mwembamba unapasuka, kazi ya siku tatu inaharibika.

Dawa yake ni keke ya mkono. Chombo hiki si kigeni katika Kiswahili. Mafundi wa majahazi wa pwani, kama wale wa Lamu kule Kenya, walitoboa ubao kwa keke inayozungushwa kwa upinde, ndipo wakapiga msumari, ili ubao usipasuke. Kule Lamu mafundi wanatengeneza pia majahazi madogo ya kuuza kwa wageni. Basi mchezo wa mtoto unaweza kuwa mwanzo wa ufundi.

Ziko aina mbili za kununua. Ya kwanza ni ndogo kama kalamu: mpini, mdomo wa chuma, na meshi inayobanwa humo. Inazungushwa kwa vidole. Inafaa matundu membamba, hadi kama milimita 3, kwenye mti laini, plastiki na bati jembamba. Ya pili ina gurudumu la meno na mkono wa kuzungusha. Kwa Kifaransa ni chignole. Hiyo inatoboa matundu makubwa zaidi, lakini ni nzito, inataka mtoto aliyekua. Keke ya umeme tuwaachie mafundi. Inakwenda mbio mno kwa kazi ndogo: inayeyusha plastiki na kupasua mti kabla mtoto hajatambua. Na umeme wetu tunaujua.

Ukifika sokoni, usinunue kwa kung'aa. Fanya majaribio matatu. Kwanza, weka meshi nyembamba kuliko zote, funga mdomo, kisha uivute. Ikitoka, acha hiyo keke. Pili, izungushe mbele ya macho yako. Ncha ikiyumba, tundu nalo litayumba. Tatu, viringisha kila meshi juu ya kioo au meza iliyonyooka. Iliyopinda itarukaruka. Chagua meshi zenye alama HSS. Ziko nyingine ngumu zaidi, lakini zinavunjika upesi zikiinamishwa kidogo, hazifai mikono inayojifunza.

Kama hela hakuna, mwombe fundi wa velo spoki ya zamani. Ncha yake inapondwa kwa nyundo hadi iwe bapa, inanolewa kwa tupa kama mkuki mdogo, halafu inatiwa kwenye mpini wa mti. Inatoboa vizuri mti laini na mwanzi. Kuponda na kunoa ni kazi ya mtu mzima.

Sasa namna ya kutumia. Kwanza weka alama kwa ncha ya msumari ili meshi isitangetange. Laza kazi juu ya kipande cha ubao wa kutupa, ili tundu litoke safi upande wa chini. Simamisha keke wima, zungusha kuelekea kulia, bila kugandamiza sana. Baada ya mizunguko michache, itoe nje na upanguse unga. Ukitaka tundu kubwa, anza na dogo, kisha upanue. Kwenye bati, tone moja la mafuta linasaidia. Haraka haraka haina baraka: meshi nyingi zinavunjika kwa sababu ya kulazimishwa.

Ninawaomba mshike sheria nne za nyumbani. Kazi haishikwi kiganjani wakati wa kutoboa. Inalazwa mezani na kubanwa, kwa sababu meshi ikipenya inaingia nyamani. Macho yakae mbali na ncha, na nywele ndefu za wasichana zifungwe. Kingo za kopo zipigwe nyundo au zisuguliwe kabla ya kutoboa. Meshi zihesabiwe kabla na baada ya kazi, maana mtoto anayetambaa hupeleka kila kitu mdomoni. Mtoto akijichoma au akijikata, osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Kikiwa kirefu, nenda kituo cha afya na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Nimetaja wasichana kwa makusudi. Mara nyingi kaka anapewa chombo, dada anatumwa kuchota maji. Keke haitaki nguvu, inataka utulivu, na wasichana wetu wanao. Anayejua kutoboa bila kupasua anaweza kesho kutengeneza kiti cha nyumbani bila kumlipa mtu.

Wamama wa vikundi, keke moja ndogo ni mzigo kwa nyumba moja, lakini ni nyepesi kwa likelemba. Nunueni moja pamoja na meshi tano au sita, iwekwe kwenye kisanduku kwa mama mmoja. Atakayeazima aandikwe kwenye daftari, hesabu ya meshi iandikwe pia, na arudishe jioni. Siku ya mkutano watoto walete kazi zao, wamama wazione. Mtoto ambaye mtumbwi wake umetazamwa na wamama kumi atarudi nyumbani na hamu ya kutengeneza wa pili, na safari hiyo hatachukua msumari kwenye makaa.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.